Chapa Niliyoinyoosha

Machi 2

Ninayoandika kwenye tovuti yangu yana adabu zake. Haya ya daftarini ni ya kwangu, kwa hiyo naanza kwa kusema wazi: bango la banda la supu la kaka yangu Nashoni ni aibu kwa ukoo mzima. Amelichora mwenyewe kwa rangi ya geti iliyobaki. S imelala kama mlevi, U imebanwa ukingoni, nafasi ikamwishia, PU akaishusha chini. Ukisoma unapata SU, unapumzika, halafu PU.

Nikamwambia, "Kaka, si ungeniita nikuchoree?"

"Robi, watu wa rashi hawali herufi."

Rashi yenyewe, ya dhahabu, ina wiki moja. Mtu alikuwa anachimba choo bondeni nyuma ya Matongo, akakuta jiwe linametameta, kesho yake bonde zima limejaa sururu na maturubai. Nashoni ameacha kuchunga, ameenda kuwauzia supu. Ng'ombe wamebaki na Baba, ambaye ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na mimi nikishafunga duka langu la stesheneri.

Machi 5

Mvua. Umeme hakuna. Sikupiga hata kopi moja.

Nimekaa naiwaza tovuti. Inaitwa Kwa Waitara, kwa jina la Baba. Naiandika mwenyewe mstari kwa mstari, sitaki violezo vya bure vinavyofanya kila ukurasa duniani ufanane. Naandika ya nyumbani: mvua imenyesha lini, nani kaoa, bei ya mahindi, mbuzi wa jirani aliyekula sufuria ya ugali. Wasomaji wangu wengi ni watu wa huku waliohamia Mwanza. Msomaji mkali kuliko wote ni Beatrice, tuliyesoma naye, sasa ni nesi Mugumu. Yeye hasifii. Yeye hutuma ujumbe: "Aya ya tatu nafasi imezidi."

Leo kanitumia: "Ng'ombe wako ana mkia mbovu." Alimaanisha ile alama ya juu kwenye ng'. Simu inaipinda vibaya, inatazama kulia badala ya kushoto. Nimezipitia kurasa zote kwa mwanga wa betri nikarekebisha kila ng'ombe na kila ng'ambo. Mama akaniuliza ninafanya kazi gani hiyo isiyoisha. Nikasema nanyoosha mikia. Akaguna akaenda jikoni.

Machi 9

Mkutano wa kijiji. Ng'ombe wanapotea. Watu wa rashi wanakula nyama asubuhi, mchana na jioni, na si kila nyama inajulikana ilikotoka. Imeamuliwa kila mji upige chapa ndama na mitamba wote ambao hawajapigwa.

Chuma chetu cha chapa kimeliwa na kutu, nimekishika kikabaki mpini. Baba akasema, "Robi, wewe si ndiye mtu wa michoro? Nenda kwa fundi Maftah, Tarime, atengeneze kingine."

Hajawahi kuniagiza kazi ya kuchora maishani mwake. Nimefurahi mno, sikulala mapema.

Machi 11

Chapa yetu ni nguzo mbili na fito katikati, kama H. Tatizo ni mguu wa kulia. Chini umechepuka kwenda nje, kama wa ng'ombe aliyeteguka. Tangu nikiwa mdogo mguu ule unanikera. Nilikuwa nikiuona kwenye mapaja ya ng'ombe wakiingia zizini, mguu baada ya mguu, yote inachechemea. Mhunzi wa zamani alikuwa na haraka, au nyundo ilimponyoka, na watu wakarithi kosa lake wakaliita mila.

Basi nimeunyoosha. Nguzo nimezipa unene mmoja. Fito nimeipandisha kidogo juu ya katikati, kwa sababu macho yetu ni waongo: ukiiweka katikati kabisa inaonekana imeshuka. Nimechapisha, nimeibandika ukutani, nimekaa nikaitazama. Jamani. Imesimama kama askari.

Tarime kwa mzee Maftah. Anachomelea mageti karibu na msikiti. Babu yake alikuja kibiashara kutoka Ujiji, akazamia huku. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Leo ni geti au dirisha?"

"Leo ni ng'ombe."

Akaitazama karatasi, akaigeuza, akairudisha. "Ya mzee Waitara naikumbuka ilikuwa na kona hapa."

"Ilikuwa na kosa, mzee wangu."

Akacheka. "Haya. Chuma ni cha kwenu, sio changu."

Machi 14

Siku ya chapa, pale joshoni. Moshi wa manyoya, kelele, matope hadi magotini. Baba alishika vichwa vya mitamba wetu wawili mwenyewe, hataki mtu mwingine awashike. Vijana wa jirani wakapiga chuma.

Wa kwanza ni Dola, aliyenunuliwa siku Nashoni alipopata kibarua mgodini. Wa pili ni Mtandao. Mtandao alizaliwa siku ileile nilipoiwasha tovuti kwa mara ya kwanza. Nilitoka chumbani napiga vigelegele kwamba imefunguka hadi Mwanza, Baba akatoka zizini mikono ina damu, akasema, "Wewe umezaa mtandao, na Mabaka naye amezaa. Basi huyu ndiye Mtandao, angalau huyu atatoa maziwa." Wote wawili ni wekundu, wamenona.

Chapa imetoka safi ajabu. Baba akauliza, "Imeshika?" Nikasema, "Imeshika, Tata, hujaona nzuri kama hii." Akatabasamu. Na kweli hajaiona.

Machi 15

Nimeiweka chapa mpya juu kabisa ya tovuti, kubwa, nyeusi, peke yake kwenye weupe. Beatrice: "Hapo sasa." Maneno mawili! Nimeyasoma mara kadhaa.

Machi 21

Mvua.

Machi 24

Mvua. Nashoni amekuja kuchukua sufuria kubwa. Amenenepa. Anasema huko bondeni ukitaka kumjua aliyepata dhahabu, tazama nani anaagiza supu mbili. Mama akamwuliza nyama anainunua wapi. Akasema kwa mchinjaji. Mama akauliza mchinjaji naye anaitoa wapi. Nashoni akabeba sufuria akaondoka.

Machi 29

Mzee Athanas wa Itiryo, ng'ambo ya mto, amepotelewa na mitamba wawili. Wekundu. Watu wanasema wameshageuka supu. Wakisema hivyo wananitazama mimi.

Aprili 3

Vidonda vya chapa vimepona. Jioni Baba aliingia zizini kuwapapasa, ndivyo anavyowaona siku hizi. Nikasikia ameacha kupiga mluzi. Akaniita.

"Robi. Mguu uko wapi?"

"Mguu gani?"

"Wa chapa." Kiganja chake kilikuwa kwenye paja la Mtandao, kidole kinapanda na kushuka kwenye nguzo ya kulia. "Huu umeenda moja kwa moja. Uko wapi uliopinda?"

Nikamwambia, tena kwa furaha, mjinga mimi, kwamba nimeunyoosha, kwamba sasa inapendeza, kwamba hata Mugumu imesifiwa.

Baba akakaa chini, kwenye samadi. Baba yangu huwa hakai kwenye samadi.

"Mguu ule haukupinda kwa bahati mbaya," akasema. "Babu yangu na babu yake Athanas ni ndugu wa tumbo moja. Walipogawana ng'ombe, mkubwa akabaki na chapa iliyonyooka. Mdogo akaupinda mguu mmoja, ili ng'ombe wasichanganyike na ndugu wasigombane. Mdogo ndiye babu yangu. Umewapiga ng'ombe wetu chapa ya Athanas."

Athanas amepotelewa na mitamba wawili wekundu. Sisi tuna mitamba wawili wekundu wenye chapa yake, bado mpya. Na kaka yangu anauza supu.

"Tata, tufanyeje?"

"Kesho asubuhi tunaenda wenyewe kumwambia, kabla hajaambiwa. Anayekwenda mwenyewe huwa si mwizi."

Aprili 4

Mto umejaa. Tumefika kivukoni tukarudi. Baba amesimama pale akiusikiliza.

Aprili 5

Mto umejaa. Namba ya mzee Athanas hatuna. Nimeifuta chapa kwenye tovuti.

Aprili 6

Mto umejaa.

Aprili 7

Mto umepungua, na wao ndio waliovuka kwanza.

Walikuja alfajiri na sungusungu, hawakupiga kelele. Wakaenda moja kwa moja zizini, wakamulika mapaja, wakawatoa Mtandao na Dola. Kijana wa Athanas akaninyooshea simu. Ilikuwa picha ya ukurasa wangu. H yangu, kubwa, nyeusi, peke yake kwenye weupe. Inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi Sirari, na chini mtu ameandika: "Wanaiba na kujitangaza."

Baba akasema, "Nilikuwa nakuja kwenu." Kijana akajibu, "Kila mtu huwa alikuwa anakuja, mzee."

Kesho ni ritongo, kikao cha ukoo mzima. Nayajua yanayompata anayekutwa na ng'ombe wa mtu kwenye ritongo. Hachangiwi moto, hasalimiwi, hazikwi na watu. Baba ana umri wa miaka sabini na kitu na hajawahi kula ng'ombe wa mtu. Mama hakupika leo. Nashoni amekuja, anaapa kwamba nyama yake anainunua kwa mkono wake, Baba akamwambia, "Nakuamini, mura. Kaa ule." Hakukuwa na cha kula.

Nimechukia herufi zote duniani.

Aprili 8

Nitaiandika yote, hata mkono ukiuma.

Ritongo ilikaa kwenye uwanja wa josho. Wanawake huwa hawaitwi, mimi niliitwa kwa sababu chapa niliichora mimi. Nilivaa gauni la kanisani. Dola na Mtandao walikuwa wamefungwa kwenye nguzo, na nilipopita Mtandao akanusa mfuko wangu. Nusura nilie hapohapo.

Mzee Athanas alisimama. Nilitaka awe mtu mbaya ili nimchukie. Siye. Ni mzee mrefu, mpole, koti lake limeshonwa kiwikoni.

"Mimi simtukani Waitara," akasema. "Nasema ninachokiona. Mitamba wangu hawapo. Hawa ni wekundu kama wangu, umri wa wangu, na wana chapa ya baba yangu. Mtu aniambie mimi ningefikiri nini."

Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema ukweli. Nikasema mguu ulikuwa umepinda, nikaona haupendezi, nikaunyoosha.

"Kwa nini?"

"Kwa uzuri."

Uwanja ukacheka kicheko kibaya. Mzee mmoja akauliza, "Nani anabadilisha chapa ya baba yake kwa uzuri?" Ukweli wenyewe ulikuwa wa kijinga kiasi kwamba hata mimi nisingeuamini. Nikasema aulizwe fundi Maftah. Wakasema fundi hutengeneza alicholetewa, hata mwizi humpelekea fundi karatasi. Na hilo ni kweli.

Nilikuwa nimesimama peke yangu mbele ya wanaume wote wa ukoo, nikamwona Baba anapapasa hewa kwa fimbo anakuja upande wangu. Nikadhani anakuja kunikana. Akanishika bega.

"Huyu ni binti yangu," akasema. "Alikosea kwa kupenda. Ng'ombe haelemewi na nunduye." Halafu akageuza uso kuelekea sauti ya Athanas ilikotoka. "Athanas, una haki. Hata mimi ningekuja kwako na rungu. Lakini chapa inasomwa na watu, na watu wamekosea. Ng'ombe hasomi. Wafungueni waseme wenyewe."

Wazee wakanong'onezana. Wakakubali. Athanas akasimama kona ya juu ya uwanja, Baba kona ya chini, mitamba katikati. Viganja vya wote wawili vikakaguliwa, na mifuko, maana kila mfugaji anajua chumvi hununua ng'ombe. Mfuko wa chumvi wa Baba wa kwapani wakamvua. Watu wakaamriwa kunyamaza. Manyunyu yakaanza.

Athanas aliita kwanza. Ana mwito mzuri, mrefu, unashuka mwishoni. Mtandao akainua kichwa.

Akamtazama Athanas, masikio mbele. Halafu akainama akang'ata nyasi. Athanas akaita tena. Dola akakojoa.

Zamu ya Baba. Akapiga mluzi ule wake mfupi, akaita, "Mtandaoo! Dola!"

Hakuna. Mtandao anakula. Nikasema kimyakimya, wewe mnyama, nimekulisha kwa chupa mama yako alipougua, leo hii nyasi? Baba akaita tena. Dola akageuka akaenda upande mwingine kabisa, kwenye dimbwi. Watu wakaanza kuguna. Baba alisimama wima kwenye manyunyu, mikono wazi, macho yake meupe yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Robi," akaniuliza, taratibu, kama tuko nyumbani. "Anakuja?"

Hakuwa anakuja.

Baba akaita mara ya tatu, safari hii hakupaza sauti. Alisema tu, kama anavyosema jioni akifunga zizi: "Mtandao. Twende basi."

Akaja. Loo! Alikuja mkia juu, matope yanaruka, mbio za ndama, akampita mwenyekiti nusura amwangushe na kiti chake, akaenda kuuchomeka mdomo wake kwapani mwa Baba, mahali mfuko wa chumvi unapokaa. Akaukosa. Akahamia kwapa la pili. Dola naye akatoka dimbwini akaja nyuma kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Baba akasema, "Aa. Mmekuja," akawashika pembe, mabega yake yanatikisika. Uwanja ulilipuka kwa kicheko, safari hii kizuri. Nashoni alikuwa anaruka kama mtoto. Mimi nikakaa kwenye tope na gauni la kanisani, nikalia kwa sauti, wala sikuona haya.

Athanas alikuja akampapasa Mtandao usoni. "Huyu si wangu," akasema. "Wangu alikuwa na aibu." Akamshika Baba mkono. "Ndugu yangu, samahani."

"Nilikuwa nakuja kwako," Baba akasema.

"Sasa naamini. Mto ulikuwa umejaa."

Ritongo imenitoza faini: kuwapikia uji wa wimbi kikao kijacho, wote. Nitawapikia hadi wakatae.

Aprili 9

Nimelala hadi saa nne. Mama amepika ugali na nyama. Hakuna aliyeuliza nyama imetoka wapi, tulicheka tu.

Aprili 12

Beatrice amepiga simu, ameshasikia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe umevunja la kwako kwa kulinyoosha." Alicheka hadi wagonjwa wake wakaamka.

Aprili 19

Mitamba wa mzee Athanas wamepatikana! Hawakuibwa wala nini. Walivuka kabla mto haujajaa, wakachanganyika na kundi la ng'ombe wa watu upande wa Serengeti, maji yakawazuia kurudi. Waliporudi, waliingia zizini wenyewe kama wametoka matembezi. Alimtuma kijana wake kutuambia, yule wa simu, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kijana aliniamkia shikamoo. Tuko rika moja. Nikaitikia marahaba, makusudi.

Aprili 25

Tarime. Mzee Maftah aliposikia habari yote alishika kichwa. "Na mimi nilisema kona!" Akauweka mguu wa chuma motoni, akaupinda kwa nyundo mapigo mawili. Akauliza kama ausawazishe kidogo ukingoni, umetoka na kinundu.

"Usithubutu, mzee wangu."

Aprili 27

Leo tumewaongezea Mtandao na Dola kipande kile cha chini. Baba amekataa kushika vichwa. Kasema aliyenyoosha ndiye ashike. Mtandao alinitazama machoni wakati chuma kinashuka, akanipiga teke la paja. Nina alama ya buluu pale hasa pa chapa. Tumelingana.

Mei 6

Mvua imepungua. Rashi inakufa, mawe yaliyobaki hayana kitu, watu wanabomoa maturubai. Nashoni amerudi kuchunga. Amebeba bango lake hadi nyumbani, anataka kuliegesha zizini kuziba tundu. Nimemwambia sawa. Kila jioni ng'ombe wanaingia wakipita chini ya SU, halafu PU, na Mtandao hujikuna hapo.

Mei 11

Nimeirudisha chapa kwenye tovuti, juu kabisa, kubwa, nyeusi. Sikuichora kwa kipimo. Baba aliifuata kwa kidole kwenye ngozi ya Mabaka, mimi nikafuata kidole chake kwa penseli. Mguu umechepuka, tena una kinundu.

Dakika chache baadaye, Beatrice: "Mguu wa kulia umepinda. Rekebisha."

Nikamjibu: "Hapana. Hilo ndilo jina letu."